Riwaya za Ismay na Mdomo wa Mama Yake

Ismay Pascall alizaliwa Gouyave, kule Grenada, kwa mama aliyechambua kungumanga miaka arobaini, na muda uliobaki akachambua majirani. Alipofika miaka kumi na tisa alikwenda Uingereza kusomea uuguzi. Mchana aliuguza wazee, alfajiri aliandika riwaya.

Ya kwanza ilipata tuzo. Wahakiki wa London, watu waliojaliwa kuona mbali, walisifu hasa "ukimya mzito wa mama wa kisiwani". Mama mwenyewe, Bi Philomena, hakuwahi kunyamaza hata mazishini. Zikafuata nyingine nne, kila moja nyembamba kuliko iliyotangulia na yenye sifa tele zaidi, na katika zote kuna mama anayetazama bahari bila kusema neno. Ismay alimtumia mama yake kila moja, naye akajibu kwa barua: karatasi ni nzuri, picha yako nimeiona, umekonda.

Akiwa na miaka sitini alirudi kuizindua ya tano. Ukumbi wa kanisa ulipata watu kumi na mmoja, wanne wakiwa wamefuata shelisheli la nazi lililokuwa likichemka uani. Ismay akasoma ukurasa wa gatini, siku ya safari: mama amesimama, machozi yanamtiririka, kimya.

"Nani huyo?" Bi Philomena akauliza kutoka kiti cha mbele.

"Mhusika tu, Mama."

"Mhusika kavaa gauni langu la kijani. Mimi sikulia. Nilikwambia zile soksi zako zilizotoboka zitanitia aibu kwa Wazungu, ukaninunia mpaka meli ikang'oa nanga. Hilo mbona hukuliandika?"

"Halikufaa kwenye hadithi."

"Ehe. Ukweli haukufaa, machozi ya uongo yakafaa. Endelea, mwanangu, tunakusikiliza."

Hakuna aliyemsikiliza. Wote walimgeukia bibi wa miaka themanini na tatu, akawasimulia safari ile mwanzo hadi mwisho, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Ismay alikaa, mashavu yanawaka. Kilichomuuma ni kwamba hadithi ya mama ilikuwa tamu kuliko yake.

Kesho yake akavuta kiti barazani, daftari mkononi. "Haya Mama, sema."

Mama akasema miezi saba.

Riwaya ya sita ilitoka nene. London walisikitika: mwandishi amepoteza ukimya wake, wahusika wanapayuka. Tuzo hakuna. Gouyave, watu themanini walijiandikisha maktaba kungojea nakala mbili. Si kwa kupenda fasihi, Mungu apishe mbali. Kila mmoja alitaka kuhakikisha hayumo. Wasiokuwemo ndio waliokasirika.

"Miaka yote hii tumepakana ua," seremala Alban alimwambia Ismay dukani, "hata mstari mmoja sikustahili?"

Ismay akamwahidi ya saba.

"Alban?" akasema Bi Philomena aliposikia. "Huyo hana la kusimuliwa ila yule mbwa wake."

Kisha akasimulia habari za mbwa hadi saa saba mchana, na Ismay akaandika.