Gunia Moja la Mbegu, Malisho Mawili

Kisa hiki kikinijia kichwani napandwa na hasira upya, kwa hiyo mnivumilie.

Mwaka ule wa ukame malisho yetu yalikufa. Kahawia tupu. Ng'ambo ya ua, kwa mzee Ifor wa shamba la Pant-glas, kijani kibichi! Na mvua haikunyesha kwake wala kwetu.

Sasa sikia. Mbegu ilikuwa moja, gunia moja.

Marehemu baba ndiye aliyeileta hapa kwetu Wales. Nyasi chotara: mzazi mmoja mtamu kwa ng'ombe, mwingine ana mizizi ya kufuata maji chini kabisa. Zilizobaki kwenye gunia akaenda kumpandia Ifor.

Baba alipofariki, kaka yangu Gwilym akazitunza nyasi zetu kama mboni ya jicho. Kila baada ya miaka michache anaziacha zikomae, anavuna mbegu zake, analima, anapanda upya. Ifor yeye hakufanya lolote. Mvivu wa kutupwa, anafungulia kondoo tu.

Ninayekamua ni mimi. Maziwa yakashuka, mbavu za ng'ombe zikaanza kuhesabika. Gwilym akapiga simu mnadani, lori lije Jumatatu lichukue kundi zima.

Wale ng'ombe ndio maisha yangu. Nililia kama mtoto.

"Non, acha kulia," Gwilym akasema. "Huyu mzee ametupulizia dawa ya magugu."

"Una ushahidi?"

"Ushahidi si huo hapo? Huna macho?"

Akang'oa bonge la nyasi zilizokufa, akarukia pikipiki yake ya magurudumu manne, huyoo! Nikamfuata mbio. Nafika, bonge limeshabwagwa mlangoni kwa Ifor, na mzee ametoka na kikombe chake cha chai.

"Umeniletea zawadi, Gwilym?"

"Nimekuletea kazi yako, mchawi wewe!"

Mzee akawa mwekundu. "Mchawi? Mimi niliyebeba jeneza la baba yako? Njooni huku, wote wawili!"

Akachukua sepetu na lile bonge letu, akatupeleka malishoni kwake, akachimba. Mizizi ikashuka, ikashuka, karibu urefu wa mkono wangu. Kisha akaligeuza bonge letu. Mizizi yake ningeifunika kwa kiganja.

"Hizi si nyasi moja," nikasema.

"Zilikuwa moja. Kaka yako kapanda mbegu ya mbegu ya mbegu. Chotara hizi hazizai zinazofanana nazo. Kila kizazi upande wa mizizi mirefu unapotea, unabaki utamu mtupu. Baba yenu alituambia pale pale anamwaga mbegu: msivune. Kwangu kondoo hawajaziacha zitoe hata ua moja. Hizi unazokanyaga ni zile zile alizopanda kwa mkono wake."

Nikamgeukia Gwilym. "Baba alikwambia?"

Akageuka aondoke, nikamshika mkono.

"Nakuuliza, alikwambia?"

"Aliniambia," akasema, anatazama viatu. "Lakini zilikuwa zinachakaa, na sikutaka mbegu ya dukani. Nilitaka ziendelee kuwa za baba."

Jamani! Nilitamani nimpige na lile sepetu. Za baba ziko kwa jirani, zina afya tele, na sisi tumezika zetu kwa mikono yetu!

Ifor akashusha pumzi. "Leteni ng'ombe waje wale huku. Ila huyu aniombe radhi kwanza."

"Bora niwauze," Gwilym akajibu, akaondoka zake.

Yaani kakosea yeye, na bado ana shingo ngumu!

Jumatatu, nilipomaliza tu kukamua, nikawaswaga ng'ombe wote barabarani. Gwilym nyuma yangu anafoka, "Non! Umechanganyikiwa? Rudisha ng'ombe!" Sikugeuka. Ifor alikuwa amesimama langoni kwake.

"Radhi ya Gwilym sinayo," nikamwambia. "Nina ya kwangu."

Akafungua lango. "Pita, binti."

Dereva wa lori alikuta zizi tupu, na matusi yake akayamalizia kwa Gwilym.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema kwamba guu lenyewe linaweza kuwa la ng'ombe wa watu. Ukimpenda marehemu wako, fuata alichokuambia, usimtungie mapenzi yako.

Gwilym hajamwomba Ifor radhi hadi leo. Akija zizini ninapokamua, tunaongea habari za maziwa tu.