Mafundo ya Nyasi Njia ya Itombwe

Siku za utoto wangu Uvira, magari yalijua njia mbili tu: ile ya kufuata ziwa kwenda Fizi, na ile ya bonde la Ruzizi, kupita Bwegera hadi Bukavu. Kwenda juu, kwenye msitu wa Itombwe, hapakuwa na gari wala baiskeli. Uliipanda milima kwa miguu siku mbili, kichwani chumvi na ndagala, wale dagaa wa ziwani, ukashuka na maharagwe. Tate, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, ndiye aliyeongoza safari hizo. Njia ile aliijua kuliko wanaume wote wa ukoo, na alihakikisha wanaume hao hawalisahau hilo.

Kila penye njia panda, tate alifunga fundo la nyasi kwenye njia isiyo yetu. Alisema msitu una midomo mingi, na usipoifunga itameza anayekuja nyuma. Alifundishwa na mama yake, aliyekimbilia huko juu na watoto wake zamani za watu wa bunduki na minyororo.

Mwaka huo nilikuwa najiandaa kwa komunio ya kwanza, na hakuna mtakatifu mkali kama msichana wa katekisimu. Katekista alikuwa ametuambia kwamba mafundo yale ni kumtumikia shetani. Basi siku ya pili, tulipoingia msituni, nikajikokota nyuma ya tate nikafungua mafundo matatu, nikijiona nimemwokoa na moto.

Niliyemsahau ni mke wa mjomba. Alibaki kwenye kijiji tulicholala, kwa sababu mtoto wake Yosefu alikuwa na homa, akasema atatufuata ikishuka, akiongozwa na mafundo ya tate. Alikuwa mtu wa Bwegera, wa mashamba ya mpunga; mlima ule alikuwa hajaupanda hata siku moja.

Mchana tukatua mizigo kumngoja. Ukungu ukashuka hadi hatukuona mianzi iliyokuwa mbele yetu. Tate hakuwa na wasiwasi.

“Atafika. Njia iko imefungwa vizuri,” alisema.

Nikaanza kulia.

“Tate, nilifungua.”

“Ulifungua nini, weye mutoto?”

“Majani. Yote tatu.”

Hakunipiga. Aliacha vikapu palepale, akanishika mkono, tukarudi tulikotoka karibu tunakimbia. Kwenye njia panda ya pili tulisikia sauti ya mtoto akilia, mbali, upande wa mianzi. Sijawahi kufurahia kilio cha mtoto kiasi kile. Tuliwakuta kwenye ukingo wa korongo, mama ameketi, miguu inavuja damu, Yosefu amefungwa kifuani, moto kama chungu.

“Mama, ni nani hakufunga?” mke wa mjomba alimuuliza tate. “Nilitafuta majani, nikakosa.”

Nilifungua mdomo. Tate alinikanyaga mguu.

“Ni minye, mwanangu. Nilisahau. Buzee iko inanikamata.”

Yosefu alipona. Ana wajukuu sasa, na anapiga kelele vilevile. Lakini habari ilishuka Uvira kabla ya maharagwe yetu: bikizee njia imemtoka, nusura aue mtoto. Wajomba wakakaa, wakaamua. Toka siku ile, safari za Itombwe ziliongozwa na mwanaume, naye tate akawekwa nyuma pamoja na watoto. Alikubali bila neno, yeye ambaye hakuwahi kukubali lolote bila neno.

Katekista alinisifu kwa kujua katekisimu yote kwa kichwa, nikapokea komunio nimevaa gauni jeupe. Tate alinipigia vigelegele kuliko mtu yeyote kanisani. Sikuwaambia wajomba, wala yeye hakuniomba niwaambie. Namshukuru kila siku kwa kunisitiri, na kila ninaposhukuru naona haya, kwa sababu alitembea nyuma hadi alipofariki, na mimi nilikuwa mbele yake, nimenyamaza.