Kinyozi Ajifunza Kumwachia Samaki

Kinyozi wangu wa mtaa wa Point, Mkongo wa Uvira, alikuwa amekubaliwa kuhamia Kanada na mkewe na watoto. Kanisa moja la mashariki ya nchi hiyo ndilo lingewapokea, na mzee wa kanisa aliyeshughulikia mambo yao alikuwa anaandikiana naye. Siku moja mzee akamwuliza anapenda nini. Kinyozi akajibu kwamba yeye ni mtu wa ziwa, amezaliwa kwenye uvuvi. Mzee akafurahi kupita kiasi: kiangazi kikifika watakwenda wote porini, mbali na barabara, kuvua samoni kwa nzi.

"Prof," kinyozi akaniambia, mashine ikiwa imesimama juu ya sikio langu, "kwa nzi namna gani? Nzi hii hii ya chooni?"

Mimi si profesa. Nilikuwa nafundisha semina chuoni kule Westville tu, lakini saluni nzima iliniita hivyo na sikuwahi kukataa kwa nguvu. Kwa hiyo ilinibidi nijue. Nikamweleza kwamba ni ndoano ndogo iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu, unairusha juu ya maji kwa mshipi mrefu. Nilikuwa nimesoma mahali. Vitu vingi maishani nimevifanya hivyo, kwa kuvisoma mahali.

"Sisi tunavua usiku, na taa na wavu," akasema. "Nikifika kule nishindwe, mzee ataona nilidanganya. Na akiona nilidanganya juu ya samaki, ataanza kujiuliza nimedanganya juu ya nini tena."

Hapo nikaacha kucheka. Mtu aliyesimulia maisha yake kwenye ofisi ngapi za wakimbizi sijui, kila mara akitazamwa usoni kama anasema kweli, hawezi kuanza nchi mpya kwa samaki wa uongo.

Samoni wa Atlantiki hayupo kwenye mito yetu ya huku. Jamaa yake wa karibu ni trauti, na trauti wako juu kwenye milima ya Drakensberg. Mwenzangu wa chuoni alinipa namba ya mama mmoja wa Kizungu, pua imebabuka kwa jua, ambaye kazi yake ilikuwa kupeleka watu huko, na samoni aliwahi kuwavua ng'ambo. Jumamosi tukatoka mjini kwa gari langu, tukapanda milima, tukaliacha gari barabara ilipokwisha, kisha tukatembea nyuma ya huyo mama mpaka simu zikakosa mtandao na mimi nikakosa pumzi.

Alituvalisha suruali za mpira zinazofika kifuani. Kinyozi alipendeza. Mimi nilikuwa gunia lenye miwani.

"Mkono mzima," mama alisema kwa Kiingereza. "Kifundo kisikunjike."

Kinyozi anaishi kwa kifundo cha mkono. Mshipi wake ulianguka karibu na magoti kama tambi. Wangu ulikwenda mbali zaidi, ila nyuma: ukanasa nyasi, ukanasa kofia, mwisho ukanasa mgongo wangu mwenyewe. Kinyozi akanitoa ndoano kwenye koti kwa utulivu wa mtu aliyezoea vichwa vya wengine.

"Samoni akirudi mtoni hali kitu," mama alituambia tulipokaa kunywa chai. "Anamuuma nzi kwa hasira tu."

"Kama mtu wa kwenye foleni," kinyozi akasema, na mama akacheka mpaka chai ikamwagika.

Baada ya chai mkono ukanyooka. Mshipi ukaenda, nzi akatua taratibu, na maji yakafanya shimo. Kinyozi akapiga kelele za Uvira, akamvuta trauti mpaka kwenye mawe. Kabla mama hajafungua mdomo, akaokota jiwe, akampiga samaki kichwani mara moja, akasema, "Merci Yesu."

Mama akaja, akapiga magoti kando ya samaki.

"Hapa tunawarudisha majini, wakatage mayai," mama akasema polepole. "Na kule unakokwenda, samoni mkubwa ukimuua unaweza kushtakiwa. Wewe, na aliyekuleta."

Kinyozi akaliangusha jiwe. "Eish. Prof, ona. Ningemwua mbele ya mzee. Na kuomba ningeomba."

Mama hakumgombeza. Akamtia samaki aliyekufa mfukoni, akamrudisha kinyozi mtoni. Jua lilikuwa limeanza kuegemea mlima wa pili alipopata mwingine, mkubwa kidogo.

"Lowesha mikono kwanza," mama akasema. "Mshike chini ya tumbo. Kichwa kielekee mkondo. Usimkamue. Ngoja apumue."

Akainama hivyo, mikono imeshika kama anavyoshika kichwa cha mtoto anayenyolewa mara ya kwanza. Samaki akachezesha mapezi. Mikono haikufunguka.

"Mwache," nikasema.

"Niko namwacha."

Hakuwa anamwacha. Kisha vidole vikalegea kimoja kimoja, na samaki akaondoka.

"Sharp," mama akasema, akamwinulia kidole gumba.

Usiku ule, kwenye flati yao ya South Beach, mkewe alimtoa kwenye mfuko yule trauti aliyekufa, akatazama tena ndani.

"Ingine iko wapi?"

"Tuliachilia."

"Mliachia nani?"

"Maji."

Akanigeukia. "Shemeji, ni kweli?"

"Ni kweli, shemeji. Na alimshika vizuri sana."

Kinyozi akasimama wima, akaeleza yote: sheria, mayai, mkondo, kupumua. Mkewe alimsikiliza, kisu mkononi.

"Bon. Mtakwenda mpaka porini, mtavaa mipira, mtamshika samaki, mtamwambia pole, halafu mtarudi na njaa. Na mzee wa kanisa naye anafanya hivyo? Mtu mzima?"

"Kila mwaka."

Alicheka mpaka akashikilia friji. "Basi mwandikie kwamba unajua. Na umwambie mke wake mimi nitabaki naye nyumbani. Tutapika kuku."

Kinyozi akatoa simu, akaanza kuandika palepale, bugali ikipoa.