Siku Tatu za Kuomba Barazani

Hasira niliirithi kwa mama, kiburi kwa baba, na vyote viwili nilivibeba mpaka Kakuma nilipopelekwa kufundisha shule ya msingi. Nyumbani kwetu, upande wa Bungoma, tulilelewa kwamba mtoto aliyefunzwa vizuri haombi. Ukienda kwa jirani ukakuta wanapakua ugali na kuku, unasema umeshiba, hata kama tumbo linanguruma mpaka wenye nyumba wanalisikia. Baba alitusifu kwa hilo mbele ya wageni.

Sasa mchukue mtu kama huyo umtupe Turkana. Siku ya pili tu baada ya kushusha mizigo, jirani yangu alikuja akasimama mlangoni. Alikuwa mama mwenye shanga zilizojaa kutoka mabegani hadi kidevuni, ambaye kazi yake ilikuwa kuuzia wakimbizi makaa kambini. Akanisalimu kwao, ejok, nikaitikia ejok. Akaniangalia uso, akaniangalia miguu.

"Mwalimu, nipe hiyo kandambili."

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Nilimwambia ndizo nilizo nazo, akasema haya, nipe sukari basi. Nikampa sukari kwa uso uliokunjamana, na tangu siku hiyo hakuniacha. Leo chumvi, kesho sabuni, keshokutwa leso niliyojifunga kiunoni. Nilipokataa hakununa, aliomba kingine. Mara kwa mara aliniletea maziwa kwenye kibuyu bila mimi kusema kitu, na mimi kwa ujinga wangu niliona ni fidia. Kwa simu nilimlalamikia mama kwamba huku nimewekwa jirani na ombaomba. Mungu anisamehe.

Miaka hiyo nilikuwa nikisomea digrii likizo kwa likizo, kwenye tawi la chuo kikuu lililokuwa Lodwar. Shule zikifungwa, sisi walimu tulifungua madaftari. Kwetu hakuna aliyewahi kukanyaga chuo kikuu, na baba, ambaye macho yalikuwa yameanza kufifia, alisema anataka kuniona katika joho angali anaona. Nilimwahidi. Ilipofika likizo ya Agosti 2012, nilikuwa nimebakiza mtihani mmoja mkubwa wa Desemba, basi.

Na ndiyo miezi hiyo serikali iliposema inajifunga mkanda. Shuleni kwangu chaki ilikuja nusu ya kawaida, mwalimu mkuu akawa anaivunja vipande kwa mkono wake na kutugawia kama dawa. Ukienda zahanati uliambiwa ununue glavu mwenyewe ndipo ushughulikiwe. Jirani yangu aliposikia habari za mkanda redioni aliniuliza, "Hiyo serikali tumbo yake mimi naona kwa picha. Mkanda iko wapi?" Nilicheka, ingawa nilikuwa bado sijui kwamba mkanda wenyewe ungefungwa shingoni mwangu.

Wiki ya mwisho ya masomo ya Agosti, tangazo lilibandikwa ubaoni pale Lodwar. Mgao kutoka serikalini umepunguzwa, kwa hiyo karo itapanda kwa karibu nusu ya ile ya zamani, na asiyemaliza kulipa hatapewa kadi ya mtihani. Nililisoma mara tatu. Mshahara wangu nilikuwa naujua kama ninavyoujua mkono wangu, na hiyo nyongeza haikuwemo.

Darasa lilichemka. Tulikuwa watu wazima, wengine wana wajukuu, lakini siku hiyo kelele zilifika sokoni. Mmoja aliyewahi kusoma Nairobi alisema wanafunzi wa huko wangekuwa wameshafunga barabara kwa mawe. Mwenzake akamuuliza barabara gani. Lodwar wakati huo ukifunga barabara, dereva wa lori anashika mchanga, anakuzunguka, anakupungia mkono. Basi tukafanya kile walimu wanachojua kufanya, tukaandika barua. Kwa Kiingereza cha koti na tai, kurasa nne, tukabishana juu ya koma mpaka saa tisa mchana. Mkuu wa tawi, bwana mmoja mpole kutoka upande wa Nyeri, aliipokea, akaisoma akiwa amesimama, akaifungia kwenye droo.

"Limetoka juu," alisema. "Mimi hapa ni tarishi tu."

Nilirudi Kakuma kwa matatu, nimekaa na mwanafunzi mwenzangu, mwanamume wa Sudan Kusini aliyefundisha shule ya kambini na kuuza sukari na sabuni kwenye kibanda chake jioni. Yeye ndiye aliyekuwa mtulivu. "Dada," aliniambia, "mimi nimekimbia vita. Siwezi kukimbia karo tena." Nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba nitaacha masomo kimyakimya, na baba nitamdanganya kwamba mtihani umeahirishwa.

Nilifunga mdomo miezi miwili. Sikumwambia mtu. Lakini yule mwenzangu, aliyeona sishiki tena vitabu, alinunua makaa kwa jirani yangu, na katika kupima makaa maneno yalitoka. Jumamosi moja asubuhi niko uani nafua, mama wa watu akaja mbio, shanga zinalia, akasimama juu ya beseni langu.

"Unaacha shule?"

"Nani kakwambia?"

"Mimi nauliza wewe."

Nikamwambia ndiyo, karo imepanda, na isitoshe hayo ni mambo yangu. Hapo alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Alizungumza Kiswahili na Kiturkana vikichanganyika, lakini nilielewa kila neno.

"Mwalimu, miaka ine mimi naomba wewe. Sukari, naomba. Chumvi, naomba. Wewe hujaomba mimi hata moto ya kuwasha jiko. Hata siku moja. Mimi ni nani kwako? Mimi ni mbwa?"

Nilibaki na povu mikononi. Kumbe miaka yote minne, kila alipokuja mlangoni kwangu kuomba, alikuwa ananihesabu mtu wa kwake. Kwao humwombi mtu usiyemtaka. Na mimi, kwa adabu zangu za Bungoma, kila siku nilikuwa namwambia kwamba simtaki. Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto.

"Sasa omba," akasema.

"Niombe nini?"

"Mimi niko na mbuzi. Wewe unaona mbuzi kila siku. Omba."

Msomaji, nimesimama mbele ya wakaguzi wa shule, nimezaa, nimezika, lakini sijawahi kutamka neno gumu kama lile. Nilipiga moyo konde nikasema kwa sauti ya panya, "Mama, nipe mbuzi." Akanipa wawili. Kisha akaketi kwenye kigoda changu kana kwamba hakuna kilichotokea, akauliza na yule mkubwa wa Lodwar tulimwomba vipi. Nikamwambia tulimwandikia barua.

"Barua hapana kuomba," alisema. "Kuomba, unakaa."

Desemba ilipofika alikuja Lodwar nami, yeye na wanawake wanne wa rika lake, juu ya lori lililokuwa limeshusha chakula kambini. Mbuzi wangu wawili walikuwa wamegeuka sehemu ya karo, lakini nyongeza ilibaki ileile, na kadi za mtihani zilikuwa zimefungiwa ofisini kwa darasa zima. Zilibaki siku nne kabla ya mtihani. Askari wa lango aliwauliza wanataka nini. Mmoja akamtajia ukoo wake, kumbe ni shemeji, akaombwa tumbaku papo hapo akatoa, na lango likafunguka.

Walitandika ngozi kwenye baraza ya ofisi, wakaketi miguu imenyooshwa, na sisi wanafunzi tukaketi nyuma yao. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Mkuu wa tawi akatoka, akauliza, "Akina mama, niwasaidie nini?"

"Tupe maji," alisema jirani yangu.

Akawaletea maji. Wakanywa, wakamshukuru, wakaomba chai. Chai ikaja. Wakaomba sukari zaidi. Wakaomba tumbaku, akasema havuti. Wakaomba shati lake, akacheka cheko la lazima, akarudi ndani. Alipotoka kwenda msalani waliomba kalamu iliyokuwa mfukoni, akaitoa. Jioni waliondoka kwenda kulala kwa ndugu zao, na asubuhi tulipofika sisi, wao walikuwa wameshatandika. Siku ya pili waliomba kiti. Mkuu alisimama akakitazama kile kiti cha magurudumu, akatutazama sisi, kisha akakisukuma nje kwa mkono wake. Hakuna aliyekikalia. Kilikaa katikati ya baraza mchana kutwa, naye akafanya kazi amesimama.

Neno karo halikutajwa hata mara moja. Nilimnong'oneza jirani yangu kwamba muda unatuishia. Akaniambia ninyamaze, mtu haombwi kitu kikubwa na watu ambao hajazoea kuwapa kidogo.

Siku ya tatu, jua limeshapanda, mkuu alitoka akaketi mwenyewe kwenye ukingo wa baraza, suruali yake safi juu ya vumbi. Jirani yangu akamgeukia.

"Sisi tumeomba wewe siku tatu. Wewe hujaomba kitu. Omba."

"Mimi sina cha kuomba, mama."

"Basi unatuogopa."

Nilikijua kile kiburi, nilikuwa nimekivaa miaka minne. Kisha akavua miwani, na alipoanza kusema hakuwa anatuambia sisi, alikuwa anamwambia yule mama. Alisema kwamba makao makuu yamempunguzia na yeye. Jenereta haina dizeli, wahadhiri watatu hawajalipwa, na ameambiwa wanafunzi wakipungua tawi linafungwa. Amekaa Lodwar miaka sita bila familia ili mahali hapa pawe na chuo, na usiku, alisema, anawaza darasa tupu.

"Kama ni kuomba," alisema, "naomba hawa wasiondoke."

Jirani yangu alitugeukia. "Mnaondoka?"

Tulisema hapana, wote kwa pamoja, kama darasa la kwanza.

"Haya. Umeomba, umepewa," akamwambia. Halafu akanigonga goti. "Sasa wewe."

Nilisimama. Ile barua ya kurasa nne ilikuwa na maneno mengi mazuri, na sikukumbuka hata moja. Nikasema, "Mwalimu, naomba kufanya mtihani. Baba yangu anapofuka. Hiyo nyongeza nitaitoa kidogo kidogo mpaka iishe, lakini mtihani naomba unipe sasa." Na sikuona haya. Yule mwenzangu wa Sudan Kusini akasimama nyuma yangu akajiombea mwenyewe, na baada yake mwingine, na mwingine, mpaka baraza nzima ikawa imesimama, kila mtu na ombi lake kwa kinywa chake.

Mkuu aliondoka na simu sikioni akaenda kusimama karibu na tangi la maji. Tulimwona akitembea huku na huku, akipunga mkono, mara ameinamisha kichwa. Hatukusikia alichosema, ila nadhani na yeye siku hiyo alikuwa anaomba. Aliporudi alifungua droo akatoa mhuri. Karo mpya ingebaki, alisema, hilo ameshindwa. Lakini darasa letu tungefanya mtihani, na nyongeza tungelipa kwa awamu kabla ya mahafali. Tulipanga foleni, akagonga mhuri kadi moja baada ya nyingine. Alipomaliza, wanawake walimrudishia kiti chake. Kalamu hawakurudisha.

Nilifanya mtihani. Matokeo yalitoka katikati ya mwaka 2013, nikayasoma kwenye ubao uleule uliokuwa umebandikwa lile tangazo, na nilipompigia baba simu alisema hebu rudia, nikarudia, akasema rudia tena. Yule mwenzangu alifaulu kunishinda, na kibanda chake cha sukari kilifungwa siku nzima kwa sherehe. Mahafali yalipofika baba aliletwa kwa basi, akalishika joho langu kwa vidole huku amelisogeza karibu na pua, akasema analiona.

Lakini siku ninayoikumbuka zaidi ni ile niliyorudi Kakuma na matokeo. Nilikwenda moja kwa moja kwa jirani yangu. Akanikaribisha, akafuta kigoda kwa ncha ya vazi lake la ngozi, jambo ambalo hakuwahi kufanya. Akauliza habari za Lodwar, nikamweleza. Akafurahi, akatema mate ya baraka kwenye viganja vyangu. Kisha akaweka mikono mapajani. Nikangoja. Hakuomba kitu. Sukari hakuomba, chumvi hakuomba. Alikuwa ananitazama jinsi watu wanavyomtazama mkubwa wa ofisi.

Nikasema, "Mama, leo huniombi?"

"Wewe sasa mtu mkubwa."

"Mimi ni nani kwako?" nilimuuliza, na hasira ya mama yangu ilikuwa imenipanda kwelikweli. "Mimi ni mbwa? Siondoki hapa mpaka uniombe."

Nikanyoosha miguu pale chini, nikakaa. Alinitazama, midomo ikaanza kumcheza, akacheka mpaka shanga zikalia. Kisha macho yake yakashuka taratibu kutoka usoni hadi miguuni pangu.

"Mwalimu," alisema, "nipe hiyo kandambili."

Nikazivua nikampa. Nilirudi nyumbani peku, saa saba mchana, juu ya mchanga unaoweza kukaanga yai, nikirukaruka njia nzima, na watu waliokaa vibarazani waliniuliza viatu viko wapi. Nikawaambia nimeombwa.