Nilivyommulika Mjomba Wangu Siku ya Posa

Nikiulizwa kwa nini mjomba wangu anatembea kwa gongo huwa najibu kwamba alipata ajali, kisha natafuta mazungumzo mengine haraka, kwa sababu anayeuliza swali la pili atanikuta mimi ndani ya jibu. Leo nawaambieni yote, mcheke mnapotaka kucheka, nimeshazoea.

Kwanza mnijue. Mimi si mtu wa kubahatisha. Niliondoka Chumbageni na mkoba mmoja, nikakaa Muscat miaka tisa, nikafanya kazi mchana na kusoma usiku hadi nikapata stashahada ya umeme wa magari (imo kwenye fremu sebuleni, ukiingia unaiona kabla hujaniona mimi), nikarudi na gari langu ambalo hakuna aliyenichangia hata tairi. Kasoro yake ilikuwa moja tu, taa za mbele zilikuwa zimefifia, mwanga wa njano kama wa kibatari, nami nikaona ni aibu mtu wa stashahada kutembelea kibatari.

Posa yangu ilikuwa Jumamosi, kule Mwera. Alhamisi nikaenda Ngamiani dukani kwa Bwana Akbar, ambaye babu yake na baba yake waliuza vipuri pale pale, nikachagua balbu nyeupe za LED, zile kali kabisa. Akanitazama juu ya miwani.

"Baba, bakuli la taa yako limetengenezwa kwa balbu ya zamani. Hii ukiitia humo mwanga unatawanyika, unampata mwenzio machoni. Bora tusafishe vioo, tutie balbu mpya ya aina ile ile. Ukikataa, basi walau lete gari hapa ukutani tuupime mwanga, tuushushe. Nusu saa tu."

"Bwana Akbar, mimi nina stashahada."

"Mashaallah. Na mimi nina ukuta."

Nikacheka, nikalipa, nikaenda kuzifunga mwenyewe nyumbani kwa dakika kumi. Nilipoziwasha paka wa jirani akaruka uzio, nami nikaridhika.

Sasa, kwa desturi yetu mwenye kuposa haendi kwenye posa yake, anatuma wazee. Mzee wangu ni Mjomba Hamisi, kaka wa marehemu mama, aliyenilea tangu nina miaka sita. Yeye ndiye angesema maneno mbele ya Mzee Kombo, baba yake Zainabu niliyemtaka, na bila ulimi wake mimi sina mke. Lakini nilitaka gari lionekane kule, kwa hiyo nikasema nitamfuata nyuma, nitaegesha karibu, sitaingia ndani.

"Kwani tunakwenda kuposa au kuuza gari?" aliuliza mjomba, yumo tayari kwenye pikapu yake, kanzu imepigwa pasi. Alitaka tuondoke baada ya adhuhuri. Mimi nilikuwa bado nasugua matairi, tukaondoka alasiri imekwenda sana, na kabla hatujafika kivuko cha Pangani jua likazama. Nikawasha taa.

Jamani, barabara ikawa nyeupe kama mchana. Gari la kwanza lililotoka mbele likanipiga fulu mara mbili. Mnajua kwetu dereva akikupiga taa kali namna ile anakuambia trafiki yuko mbele, basi nikafunga mkanda, nikapunguza mwendo, nikampiga fulu zangu kumshukuru. Trafiki hakuna. La pili likapiga, nikashukuru. Lori, bodaboda, basi dogo, wote wanapiga, wote nawashukuru, na moyoni nasema watu wa Tanga wana ukarimu ambao Muscat sikuuona (naona haya hata kuliandika hili).

Mara mjomba naye akatoa mkono dirishani, kiganja chini, akawa anaigandamiza hewa: shusha, shusha. Nikajua naye ameona trafiki. Nikasogea nyuma yake kwa adabu, nikamshukuru mzee wangu kwa fulu mbili ndefu.

Pikapu ikayumba, ikaikosa kona, ikaingia mtaroni na kulala ubavu.

Tulimtoa, mimi na watu wa nyumba za karibu, tukamlaza kwenye majani. Mguu ulikuwa umegeuka vibaya, kanzu imepasuka hadi kiunoni, na taa zangu zinamwonyesha kila mtu kila kitu.

"Zima mataa yako," alisema kwa sauti ya chini. "Unanianika."

Nikazima, tukaendelea kwa tochi za simu. Hapo akafika bodaboda mmoja mbio. Alikuwa amegeuza pikipiki anifuate anitukane.

"Ndiye huyu! Kaka, nimekupiga fulu mara tatu, hukuona?"

"Niliona. Nilidhani kuna trafiki."

"Kwa hiyo zile ulizonirudishia?"

"Nilikuwa nakushukuru."

Mama mmoja akacheka na kujiziba mdomo kwa mtandio, na wengine wakashindwa kujizuia. Nami, kwa ujinga uliobaki, nikawaambia nina stashahada ya umeme wa magari.

"Ya kuwasha tu?" akauliza bodaboda. "Ya kuzima hujafika?"

Mjomba peke yake hakucheka. "Na mimi nilikutolea mkono, mwanangu," alisema.

Mwera walitungoja hadi baada ya isha, wali ukapoa. Mzee Kombo alikuja hospitali kumjulia hali mjomba, nikampa shikamoo, akaipokea, akakaa. Alipoinuka akasema, bila ukali wowote, "Barabara nzima ilikuambia, wewe ukasikia unasaidiwa. Binti yangu akikuambia jambo, utasikia nini?" Posa yenyewe haikuwahi kusemwa, kwa hiyo hata kukataliwa sikukataliwa. Zainabu ameolewa na mwalimu wa kule kule. Nasikia ana baiskeli.

Nilirudi kwa Bwana Akbar na zile balbu mkononi. Tulisafisha vioo, tukatia balbu za aina ya zamani, akachora mstari wa chaki ukutani, nikashusha mwanga hadi ukalala chini ya mstari. Nusu saa, kama alivyosema.

Mjomba haendeshi tena, mguu haukanyagi breki. Mimi ndiye ninayempeleka anakotaka, na jioni ikitukuta njiani anakaa kando yangu, gongo katikati ya magoti. Gari likitoka mbele likatupiga fulu, hata kama kweli kuna trafiki, ananigeukia.

"Huyo naye anakushukuru?"

Nami nashusha taa kwanza. Nimeapa hivyo kwa maisha yangu yote: nashusha kwanza, ndipo najiuliza.