Vipimo vya Mguu wa Baba

Siku ya kuondoka chuoni sikumwaga machozi. Nilikuwa na haraka. Miaka miwili nilikaa ugenini nikijifunza kutengeneza miguu ya bandia, na sasa nilipanda treni ya kurudi nimepakata mguu wa kushoto wa baba yangu, kazi ya mikono yangu mwenyewe. Abiria aliyeketi mbele yangu aliona kidole gumba kikichungulia kwenye kitambaa, akahama kiti. Nilicheka peke yangu.

Baba alikuwa fundi bomba. Ugonjwa wa sukari ulipompokonya mguu, alitangaza nyumba nzima kwamba sasa jozi moja ya viatu itamfaa mara mbili. Tulicheka, lakini nani asiyejua? Fundi bomba kazi yake ni kupiga magoti chini ya sinki, na magongo hayapigi magoti. Alishinda mlangoni akiwatukana mafundi wa siku hizi. Mimi sikwenda kusoma kwa kupenda nchi za watu. Nilimfuatia baba mguu.

Sasa niseme kosa langu. Kigutu, ile sehemu inayobaki mguu ukikatwa, hakikai kilivyo. Mtu akinenepa kinajaa, akikonda kinasinyaa. Kwa hiyo kila baada ya miezi miwili nilimwomba kaka ampime baba upya. Mwanzoni vipimo vilikuja vikipanda na kushuka, na chini yake maneno ya mgonjwa mwenyewe: "Mzee anasema uweke vidole, usije ukamletea kwato." Kisha vikaja mara nne mfululizo vilevile, bila kupungua hata uzi, na bila neno la mzee.

Mkufunzi wangu, mama mmoja mkali, aliviangalia akauliza, "Kwani baba yako ni wa mbao?"

"Kaka yangu ni mvivu tu," nilimjibu. "Ananakili."

Nikamwandikia kaka maneno ya kuudhi. Akajibu, "Samahani, mdogo wangu. Tumia hivyohivyo." Kaka hakuwahi kuniomba samahani tangu nizaliwe! Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Sikushtuka. Na simu je? Baba hata zamani aliipigia kelele maneno mawili, "Soma! Kula!" akakata. Waliponiambia masikio yake yameziba kabisa, niliamini.

Kwenye stesheni ya kubadilishia treni, mwendo wa saa tatu kabla ya kufika nyumbani, nilimwona kaka amesimama. Nikafurahi, nikadhani amekuja kunisaidia mizigo. Kisha nyuma yake akainuka shangazi, dada yake baba. Shangazi na yale magoti yake mabovu hata sokoni hafiki.

Katika ukoo wetu aliye masomoni haambiwi msiba. Husubiriwa amalize, halafu mtu mzima hutumwa kumpokea njiani, ili asiangukie mlangoni. Naijua desturi hiyo. Mimi mwenyewe nilimdanganya binamu yangu mwaka mzima kuwa bibi yetu yuko shamba, na niliona nimemtendea wema.

"Karibu, mwanangu," shangazi alisema. "Keti kwanza."

"Sikai. Lini?"

Kaka alitazama reli. "Miezi minane sasa."

"Na vipimo?"

"Ulikuwa unavidai. Ningekwambia nini?"

Nilitaka kumpiga. Badala yake nilimwachia mabegi akapakie, maana treni ya pili ilikuwa imeshaingia. Mguu sikumpa.

Ndani ya behewa shangazi aliniketisha dirishani kama mgonjwa. "Alisema mwenyewe usiambiwe," alinieleza. "Alisema, mwacheni amalize, akirudi katikati mtakuwa mmenizika mara mbili. Tungevunjaje neno lake?"

Ningekuwa wao, ningefanya yaleyale, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Lia, mwanangu. Usijikaze, utaumwa."

Nilimtazama. Macho yake yalikuwa makavu, ya huruma, macho ya mtu aliyekuja kumpa mwenzake pole. Kaka alikuwa anatafuta tiketi mifukoni. Walishalia hawa, walishagawa nguo zake, chumba chake walishakipaka rangi akalala mtu mwingine. Walishajifunza kucheka tena. Kwangu mimi baba alikuwa amekufa dakika ishirini zilizopita.

"Nitalia na nani, shangazi?" nikasema. "Nyinyi mmeshamaliza."

Shangazi alinishika mkono. Akafumba macho, akavuta pumzi, akajaribu kuanza kilio kwa ajili yangu. Hakikuja.