Chupa Zipite na Matope Yake

Mimi ni mtu wa usafi, na usafi ndio ulioniponza. Mama yangu kule Gare hakumruhusu mtu kuingia jikoni kwake na mguu wenye tope, hata angekuwa padri. Nilikua nikiosha kila kitu: viazi kabla ya kwenda gulioni, jembe kabla ya kuliweka, hata kuni nilishawahi kuzifuta. Kwa hiyo nilipopata kazi kwenye kikosi kinachozunguka vijijini kusaidia watu kuondoa taka mashambani na mitoni, nyumbani walicheka. Walisema hatimaye nimepata watu wa kunilipa kwa ugonjwa wangu.

Tulikuwa watano, na dereva wa sita, na kirikuu kimoja, kigari cha kubebea mizigo. Tukifika kijijini tunazungumza na mwenyekiti, baragumu linapigwa, watu wanatoka kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kama wanavyotoka kutengeneza barabara. Tunaokota nao siku mbili tatu, tunajaza viroba, tunapakia, tunahamia kwingine. Wanakijiji walituita watu wa viroba, na wengine walituita hivyo kwa kejeli. Mimi kejeli siiwezi. Mara mbili kiongozi wetu alinikanya kwa kujibizana na watu tuliokuja kuwasaidia.

Mwaka ule, vuli ikikaribia, tulipanda hadi kijiji kimoja juu ya Lukozi. Wakulima wa pale wanalima kabichi, karoti na nyanya mwaka mzima, na wanapiga dawa ya wadudu mwaka mzima. Chupa tupu walizitupa kwenye korongo moja, miaka na miaka, mpaka korongo likawa halionekani chini. Mvua ikinyesha, korongo lile humwagika kwenye kijito, na kijito ndicho wanachokunywa watu wa kitongoji cha chini, nyumba saba. Kazi yetu ilikuwa kulimaliza korongo kabla mawingu hayajashuka. Hakuna aliyehitaji kuelezwa sababu.

Siku ya kwanza tulitoa nusu. Jioni, watu wameshatawanyika, dereva alivitazama viroba akatikisa kichwa.

"Dada, tope hilo haliingii kwenye gari yangu. Jumamosi nabeba viti vya harusi humu."

Angemwambia mtu mwingine, pengine wangegombana. Aliniambia mimi. Nilishuka kijitoni na viroba, kimoja baada ya kingine, nikazitoa chupa nikaziosha. Nilizisugua nje, nikazisuuza ndani, nikazikung'uta, nikaziimbia na pambio. Zilipangwa kwenye kirikuu zinang'aa. Nilijisifu kimoyomoyo kwamba wenzangu hawajui kazi.

Asubuhi alipanda bibi mmoja kutoka kitongoji cha chini, kajitanda kanga, mkononi kashika ungo. Tulimwamkia wote.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

Akauweka ungo juu ya boneti ya kirikuu. Ulikuwa na kaa wa mtoni, kumi na kitu, wamelala chali, wamekufa.

"Tangu niolewe pale chini, kaa hawajawahi kufa hivi," alisema. "Nani kaweka nini kwenye maji?"

Mwenyekiti aliita watu. Haikuchukua muda macho yote yakamgeukia mkulima mmoja ambaye shamba lake la kabichi linapakana na kijito, na jana yake alionekana na bomba la dawa mgongoni. Masikini aliapa kwa mama yake mzazi kwamba alipiga dawa upande wa juu tu, mbali na maji. Akina mama walinong'ona kwa Kishambaa kwamba mwongo haoni haya. Nami ni Mshambaa. Nilisikia kila neno, na kila neno lilikuwa langu.

Kiongozi wetu alikuwa amekwisha elewa. Aliniona nilivyokuwa nikiitazama mikono yangu. Akanivuta pembeni.

"Nyamaza kwanza," alisema. "Wakitufukuza leo, nusu iliyobaki itashuka na mvua. Utakuwa umewaua kaa na watu pia."

Alikuwa na hoja, ndiyo iliyonitesa. Lakini yule mkulima alikuwa bado anaapa, mtu mzima mwenye watoto, na kesho nisingekuwepo pale, yeye angekuwepo. Mficha uchi hazai. Nilirudi katikati ya watu nikasema ni mimi, nimeosha chupa za dawa kijitoni, nilitaka ziwe safi.

Kisha mtu mmoja akacheka, kicheko kile kibaya, akasema, "Watu wa viroba wametuletea usafi." Mara hii sikujibu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena.

Mwenyekiti hakupiga kelele. Alisema maji ya kijiji yana sheria yake tangu wazee: anayeyachafua huwachotea walio chini, kwa kichwa chake, kutoka chemchemi ya juu kando ya msitu, mpaka wao wenyewe waseme basi. Na mpaka hapo, korongo lisiguswe na mgeni yeyote.

"Na mvua ikija kabla?" kiongozi aliuliza.

"Muulizeni bibi, yeye ndiye mkubwa wa walio chini," alisema mwenyekiti.

Bibi alichukua ungo wake akashuka.

Wenzangu wakaenda kijiji kingine, nami nikabaki. Nilipewa chumba nyumbani kwa mwenyekiti, nikajisokotea ngata ya majani ya mgomba. Nyumba saba, ndoo ya lita ishirini kila nyumba, kila siku. Njia ya chemchemi ni mteremko mtupu, asubuhi ukungu unaificha, ukikosea hatua unaoga. Siku ya pili shingo ilikataa kugeuka. Siku ya tatu niliteleza mbele ya mlango wa bibi na maji yote yakamwagika. Alitoka, akatazama, akarudi ndani. Nikapanda tena nikilia kwa hasira, si kwa huzuni, na ndoo ile ndiyo niliyoifikisha nikiwa nimeijaza kuliko zote.

Siku ya nne nilimkuta dereva chemchemini, kapanda kutoka kijiji walikohamia, na madumu mawili.

"Sheria ni ya aliyeosha," nilimwambia.

"Na mimi ndiye niliyesema zioshwe."

Akajitwika dumu moja begani, akaning'iniza jingine mkononi. Wanawake wa njiani walimcheka mpaka wakashika mbavu, wakamwuliza ameolewa kitongoji gani. Aliwajibu kwamba posa bado inajadiliwa. Alikuja kila asubuhi toka siku ile.

Bibi hakusema nasi. Kila siku ilikuwa "Shikamoo," "Marahaba," akamimina maji kwenye pipa lake, akanirudishia ndoo. Mchana nikimaliza nilikwenda kusimama ukingoni mwa korongo, nikazitazama zile chupa zilizobaki, kisha nikatazama mawingu juu ya msitu. Yalikuwa yanashuka kidogo kila siku. Nilitamani kuingia nizitoe kwa mikono yangu, sheria iende ilikokwenda. Sikuingia. Niliapa tu kwamba hata ikinichukua hadi Krismasi, sitaondoka pale mpaka nimeiona ardhi ya korongo lile.

Siku ya tisa sikumkuta bibi nyumbani. Nilimkuta kijitoni, kanga kaifunga kiunoni, anainama na kupindua mawe. Nilimwamkia. Alipindua jiwe jingine, akanionyesha kwa kidole. Kaa mdogo, saizi ya kitufe cha koti, alikuwa anarudi nyuma kuingia kwenye mchanga.

Alisimama kwa shida, mkono kwenye bega langu. Akaichukua ndoo kichwani pangu akaumwagia mchicha wake wa pale ukingoni maji yote, lita ishirini nilizozishusha kutoka msituni.

"Basi," alisema. "Waite wenzako. Kesho baragumu litapigwa, na sisi wa chini tutapanda."

"Hongea, bibi." Kwetu ndiyo asante. "Kesho nitaingia mimi wa kwanza korongoni."

"Huingii," alisema. "Korongoni kuna wengi wa kuingia. Wewe utakaa hapa kwenye maji, tangu asubuhi mpaka kiroba cha mwisho. Hapa namtaka mtu anayejua."

Kesho yake nilisimama kijitoni kutwa nzima, maji yakipita juu ya mabuti yangu. Yule mkulima wa kabichi alikuwa akipita na kiroba, akaitazama mikono yake iliyojaa tope, akaukaribia ukingo ainawe. Nilimpigia kelele mpaka ndege wakaruka. Akacheka, akaenda zake na tope lake. Manyunyu yalianza tukiwa tumebakiza chupa chache, na hakuna aliyekimbia kujikinga. Korongo likaonekana chini, udongo mwekundu. Na viroba vyote vilipita mbele yangu vichafu, vikaingia kwenye kirikuu vichafu, na dereva akavifunga kamba, tope likimpaka mikono.